Meza Iliyopigiwa Kura

Ko-ko. Ko-ko.

Sauti ilitoka nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Fundi, aliyekuwa mlangoni mwa karakana akijikung'uta vumbi la msumeno, akafumba macho.

"Usiniambie, shemeji."

"Mimi sijasema kitu," alijibu Shemeji, kaka wa mkewe, akiisukuma meza tena kwa kidole kimoja. Ko-ko. "Meza ndiyo inayosema."

Meza ilikuwa ya Mama Mkwe, na Fundi alikuwa anaitegemea imrudishie mke. Siku matokeo ya kura ya maoni yalipotangazwa, Ndiyo ikiwa imeponea chupuchupu mbele ya Hapana, Fundi alizunguka sebule akipiga sufuria kwa mwiko na kuimba kwamba wenye akili nchini sasa wamehesabiwa. Mkewe alikuwa amepiga Hapana. Alimwacha amalize ubeti, akafunga begi. "Basi ngoja nikakae na wasio na akili wenzangu," akasema, akaenda kwa mama yake. Rasimu yenyewe ya katiba hakuna kati yao aliyeisoma kupita jalada.

Ndipo Mama Mkwe akatuma ujumbe: meza aliyoagiza tangu kabla ya kampeni, anakuja leo aikute imesimama. "Mwanamume asiyeweza kusimamisha meza, atasimamishaje nyumba?"

Na sasa meza ilikuwa inachechemea.

"Mguu wa mbele, wa kushoto. Ndio mrefu," alisema Fundi.

"Wa kulia."

"Una jicho la waliopiga Hapana."

"Na wewe una masikio ya waliopiga Ndiyo. Lete pimamaji."

Wakailaza pimamaji juu ya meza. Kiputo kikatambaa taratibu, kikatulia upande wa Shemeji.

"Kimehongwa," alisema Fundi, akakitupa kifaa kwenye maranda. "Tupige kura."

Mpiga kura wa tatu alikuwa Bi Sponji, mshona makochi, aliyekaa pembeni na misumari midogo mdomoni. Hakuna aliyejua katika ile kura kubwa alichagua nini, na kwa sababu hiyo wote wawili walimwamkia kwa adabu ya kupita kiasi. Aliitazama miguu, akamnyooshea kidole Fundi.

"Wengi wameamua!" Fundi akashika msumeno. Alikata kwa furaha, na furaha haina kipimo.

Ko-ko. Sasa upande wa pili.

"Nilisema!" Shemeji akaruka.

"Wengi hawakosei."

"Wengi hushinda, shemeji. Kukosea, wanakosea kama sisi tu."

Duru ya pili Shemeji aliingia kwenye kampeni. Alimwahidi Bi Sponji benchi lenye mahali pa kuegemea mgongo. Fundi akapanda dau: benchi, na feni juu yake.

Bi Sponji akatema misumari kiganjani. "Feni uliniahidi joto lililopita," akasema, akampa Shemeji kura yake.

Msumeno ukalia. Ko-ko. Fundi akadai kura zihesabiwe upya. Zikahesabiwa: mbili kwa moja, kama zilivyokuwa. Akadai zihesabiwe na mtu asiye na upande. Mtaa mzima hakuwepo.

Wakakata. Wakatukanana kwa heshima. Wakakata. Meza iliyoanza ikiwa ya watu waliokaa kwenye viti ikawa ya watu waliochuchumaa, na kila mkato ulikuwa halali, umepitishwa, umeshangiliwa na nusu ya chumba. Ilipofika chini ya magoti, Bi Sponji akasusia uchaguzi.

Hapo Mama Mkwe akaingia. Nyuma yake alikuwa mke wa Fundi, begi mkononi. Fundi aliliona begi kabla ya kumwona mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kigoda kizuri. Meza yangu iko wapi?"

Shemeji akaanza kuchunguza dari.

"Ndiyo hiyo, mama. Ni... ya kisasa."

"Na mguu wa kukata mliupataje?"

"Kwa kura," alisema Shemeji. "Ya haki kabisa."

"Miguu nayo ilipiga?"

Mke wa Fundi hakucheka. Aliliacha begi kizingitini, akachukua kopo la maji ya kulowekea brashi, akayamwaga sakafuni. Maji yakajiendea, yakapita chini ya meza, yakajikusanya mahali pamoja. Mguu mmoja ukabaki umesimama kwenye kidimbwi.

"Maji hayana chama," alisema. "Sakafu imebonyea. Nilikwambia tulipohamia hapa. Ulinijibuje?"

Fundi akajikuna shingo. "Nilisema... tuko wanne humu karakanani, na unayeliona shimo ni wewe peke yako."

Bi Sponji alicheka mpaka akashikilia kochi.

"Kwa hiyo shimo lilishindwa kura," alisema Mama Mkwe, "ila halikuhama."

"Ya nchi nimeyakubali, baba watoto," alisema mkewe. "Mmeshinda, mmeshinda. Lakini sirudi kwenye nyumba ambayo nikishindwa mara moja, sina tena mdomo." Akainama, akashika begi.

"Jamani, tupige—" alianza Shemeji.

"Nyamaza!" walimjibu wote, na hiyo ndiyo hoja pekee iliyopita siku hiyo bila kupingwa.

Fundi akakaa juu ya meza aliyoitengeneza, magoti yakamfika kidevuni, akamtazama mkewe kutoka huko chini.

"Mama watoto, liache begi nikuahidi. Mama anasikia, na Bi Sponji anasikia. Kesho naziba hilo shimo, kisha naanza meza nyingine ya mama, na ukiniambia imepinda, napima kabla sijafungua mdomo. Na siku nitakayokwambia tena uko peke yako, basi chakula changu nitakilia kwenye hii hapa, nimechuchumaa, wewe na watoto mkinitazama kutoka juu, hata kama nchi nzima iko upande wangu."