Nabii Asiyetaka Kiti

Siku dunia ilipoanza kumzunguka, Nasambu alidhani ni kitanda. Ilikuwa asubuhi, amegeukia ubavu wa kushoto akijikusanya aamke, mara chumba kizima kikaondoka mbio kama kimeitwa na mtu. Mabati ya juu yakaenda mpaka mtaa wa Gatwekera, yakarudi, yakaenda tena. Akashika godoro kwa mikono miwili, akafunga macho, akangoja. Yalipotulia, alishuka polepole akachungulia uvunguni, maana kitanda kile alikinunua kwa fundi Wanzala, na vitanda vya Wanzala vinajulikana Silanga nzima kwa miguu isiyosikizana. Lakini siku hiyo miguu yote ilikuwa imesikizana vizuri kabisa. Mwenye kitanda ndiye aliyekuwa na shida.

Nasambu alikuwa mjane, mama wa binti mmoja, Nelima, na aliuza makaa Silanga, ndani ya Kibera, upande ule wa karibu na bwawa. Kizunguzungu kilimfuata mpaka kwenye biashara. Alikuwa akimimina makaa, yakapita kando ya mfuko wa mteja, yakaingia kwenye kiatu cha mteja. Vidole vya mkono wa kushoto vikaingia ganzi. Sikio likaanza kulia kama birika lililosahauliwa kwenye jiko. Na siku nyingine alisimamiwa na wateja wawili wa sura moja, nguo moja, wote wawili wakitaka debe, na ilibidi angoje aone ni yupi atakayebaki.

Majirani walisema ni pombe ya busaa. Nasambu hakuwa ameonja busaa tangu abatizwe, lakini hakugombana nao. Aliwaambia tu kwamba kama angekuwa amekunywa, angalau angejua ni nani aliyemuuzia, akamlalamikie.

Angeweza kuishi na hayo. Ambalo hangeweza kuishi nalo lilitokea kanisani.

Kanisa lao lilikuwa lile la kanzu nyeupe, la mabati, la watu wa Roho. Jumapili baada ya ibada hutoka kwa maandamano, bendera mbele, waimbaji nyuma, na katikati yao ngoma. Ngoma ilikuwa ya Nasambu. Aliibeba kwa mkanda begani tangu kanisa likiwa la matope, na kwa kuwa alikuwa mtu wa makaa, hakuna aliyejua kama yeye jinsi ya kuiotesha moto ngozi yake kwenye jiko mpaka ilie inavyotakiwa. Wiki nzima alikuwa mama wa makaa, mweusi mpaka kwenye kucha. Jumapili alivaa nyeupe, akapiga, na watu wazima wenye madeni na magoti mabovu wakaruka kama watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake duniani, na hakuwa na nyingine ya akiba.

Sasa, kanisa hilo lilikuwa na sheria yake, ambayo Baba Askofu Jeconia aliitoa kwao, upande wa ziwa. Mtu akiangushwa na Roho mara tatu mbele ya watu, huyo si mtu wa kawaida tena, ni nabii. Na nabii habebi mzigo wala hapigi ngoma. Hukalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe pale mbele, akangoja kuambiwa mambo kutoka juu, na watu wakangoja kuambiwa na yeye.

Nasambu alianguka mara ya kwanza kwenye maandamano, karibu na bomba la maji. Mara ya pili akaanguka kwenye daraja la mbao, ngoma juu yake. Mara ya tatu ilikuwa ndani ya kanisa lenyewe, katikati ya wimbo. Alipofungua macho aliona kanisa zima limepiga magoti likimshukuru Mungu, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono ainuke.

Alijaribu kumweleza Baba Askofu kwamba ni kizunguzungu. Yule mzee, ambaye siku za kazi hushona viatu na kwa hiyo ana subira, alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba manabii wa zamani nao walikataa, na mmoja alikataa mpaka akamezwa na samaki.

"Hapa hakuna samaki wa kunimeza, Baba," Nasambu alisema. "Bwawa lenyewe limejaa magugu."

Askofu hakucheka, ila masharubu yalitikisika. Akampa nafasi. Kama ni ugonjwa, alisema, basi ugonjwa una jina. "Niletee jina lake kabla ya sikukuu ya mavuno, Mama Nelima, nikurudishie ngoma. Usipoleta, nitakuweka wakfu, ukae kwenye kiti."

Wakati huo ngoma ikapewa Shivachi, fundi wa sufuria. Shivachi alikuwa mtu mwema, baba wa watoto wengi, lakini aliipiga ngoma ile kama anayefukuza paka kwenye mabati. Nasambu alisikiliza nyimbo tatu kutoka kwenye benchi, akaamua kwamba atalipata hilo jina hata kama liko Uganda.

Kliniki ya kwanza, pale pale Kibera, walimwambia ni malaria. Akameza dawa zote, masikio yote mawili yakalia, kizunguzungu kikabaki palepale. Ya pili wakasema taifodi. Mwaka ule kila mgonjwa wa Kibera alikuwa na malaria au taifodi, na aliyekosa moja alipewa zote mbili. Kila jina alilipeleka kwa Askofu, na kila mara Askofu alimuuliza swali moja tu, kama amepona baada ya dawa. Nasambu hakuweza kudanganya, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yake ameshika ukuta.

Ndipo Nelima, binti yake, alipomchukua. Nelima alikuwa msusi Kawangware, ana kibanda chake karibu na soko, na ana mdomo ambao haukutoka kwa jirani. Kila alipokuwa na nafasi alikuja Silanga kumchukua mamake, wakaenda kutafuta ugonjwa kama watu wengine wanavyoenda kutafuta nyumba ya kupanga. Walitembea wameshikana mikono kama wachumba. Wakifika sokoni Kawangware, Nelima alikuwa akimwambia, "Mama, ukiona inakuja, angukia upande wa sukuma wiki. Usiangukie mayai, hatuna uwezo huo." Na Nasambu alikuwa akicheka mpaka anaegemea kweli, na wenye vibanda wakakimbilia kushika bidhaa zao.

Kliniki ya Kawangware ilisema ni presha, ikapima, haikuwa presha. Mtu wa macho alisema ni macho, akampa miwani, na sasa ilikuwa ikizunguka huku inaonekana vizuri zaidi. Mzee mmoja wa dawa za mizizi alisema kuna mtu huko nyumbani Bungoma amekifunga kichwa cha Nasambu kwenye chungu, anakizungusha. Nasambu akauliza ni mtu gani huko mwenye muda wa kuzungusha chungu mwezi wa kupanda mahindi. 

Na kila walipokosa, kanisa lilifurahi. Kageha, mkubwa wa akina mama, alikuwa wa kwanza kuuliza majibu ya hospitali, na akiambiwa hawajapata kitu, alipiga vigelegele. Kama madaktari wameshindwa, basi ni nini kama si Roho? Nasambu alikuwa ameona watu wakihuzunika kwa ugonjwa wa mwenzao, na wengine wakijifanya kuhuzunika. Wa kusherehekea hakuwahi kuwaona.

Kulikuwa na asubuhi moja tu ambapo hakuweza kucheka. Alikuwa akifunga vifungo vya gauni, na vidole vya kushoto vikakataa, vikalala tu pale kwenye kifungo kama vya mtu mwingine. Aliketi kitandani akiviangalia. Akawaza kwamba labda kuna kitu kinamea kichwani, kinakula polepole, na kama ni hivyo, Nelima atabaki na nani. Alikaa hivyo mpaka Nelima alipofika, akamfunga vifungo, akamaliza, akamwambia gauni lenyewe lilikuwa limegeuzwa mbele nyuma.

Walipelekwa mwishowe hospitali kubwa, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nasambu alitarajia mzee mwenye mvi. Akakuta mwanamke, Daktari Wakarima, mwenye viatu vya raba na nyundo ndogo. Alimgonga magoti. Akamchomachoma nyayo. Akamwambia afuate kidole kwa macho, atembee kwenye mstari kama askari, asimame afumbe macho, na alipoyumba, yule daktari alimdaka yeye mwenyewe kwa mikono yake. Wakampiga picha ya kichwa, wakaambiwa warudi.

Waliporudi, daktari aliweka picha kwenye mwanga. Kichwa kilikuwa safi. Hakuna kilichomea.

"Sasa ni nini, daktari?" Nasambu aliuliza.

"Mama, nitakuambia ukweli. Sijui."

Nasambu aliitazama ile picha tena. Halafu akauliza kama hiyo sijui haina jina lake la Kiingereza.

Daktari Wakarima alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Liko, tena refu. Lakini hata hilo maana yake ni sijui."

"Niandikie hilo hilo. Kuna mtu analitaka."

"Nikikuandikia, utaenda ukidhani umepata kitu. Nitakuwa nimekudanganya." Akavuta kiti karibu. "Ninachojua ni hiki. Husemi uongo. Hujalewa. Huna kichaa. Na kwa macho yangu sioni kitu cha kukuua. Tutaendelea kutafuta, mimi na wewe. Kwa sasa ikianza, tafuta kitu kisichotembea, ukiangalie hicho. Usigeuke haraka. Na usitembee peke yako, tafuta watu."

Nasambu akalia. Nelima akadhani ni huzuni, akaanza kumpangusa, lakini mamake alikuwa akicheka ndani ya machozi. Miezi yote hiyo kila mtu alikuwa anajua ana nini. Huyu ndiye wa kwanza aliyemwamini bila kujua, na bila kupiga magoti.

Lakini jina hakupata, na sikukuu ya mavuno ikafika.

Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Ndizi, maboga na mahindi vilipangwa mbele, na Nasambu mwenyewe alikuwa ameleta gunia la makaa, hakuwa na shamba. Njiani Nelima alikuwa amemshauri achague jina lolote la kutisha, aseme malaria ya ubongo, nani atauliza? Nasambu alikiri moyoni kwamba ushauri ulikuwa mzuri. Akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kiti laini. Kutoka pale aliiona ngoma mikononi mwa Shivachi, ngozi imelegea, haijaoteshwa moto, na akahisi wivu kama wa mke mwenza.

Baba Askofu Jeconia akainua mkono, watu wakanyamaza. Akauliza kama jina limepatikana. Nasambu akasema hapana. Kageha akaanza kigelegele, Askofu akamkatiza kwa jicho. Akamwambia Nasambu kwamba basi asimame awaambie watu neno lake la kwanza, na lolote atakalosema litapokewa kuwa la kweli.

Nasambu akasimama. Dunia ikaondoka kuelekea kushoto kama kawaida yake. Akatafuta kitu kisichotembea, akaona msumari mkubwa kwenye nguzo, akauangalia huo.

"Mnasema mimi ni nabii," alisema. "Haya. Nabii anawaambia hivi, Nasambu si nabii. Ni mgonjwa. Ugonjwa wake hata daktari haujui, lakini ni ugonjwa. Kama mimi ni nabii, nimesema kweli, nipeni ngoma. Na kama mimi si nabii, mnanikalisha hapa kwa nini? Nipeni ngoma."

 Mtu angeweza kuwasikia watu wakihesabu hilo jambo vichwani mwao, wakilipeleka huku, wakilirudisha.  Baba Askofu alimtazama Nasambu kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama kiatu ambacho hajui aanzie wapi. Kisha mabega yakaanza kutetemeka. Alicheka mpaka kofia yake ndefu ikaanguka kwenye maboga.

"Nimeshona viatu maisha yangu yote," alisema alipopata pumzi, "sijawahi kushonwa hivi."

Hata hivyo alikuwa mtu wa sheria. Ngoma ikianguka, maandamano husimama, na huyu mama ataanguka, hilo halina ubishi. Hapo Nasambu aliwakumbuka watu aliotumwa na daktari kuwatafuta. Akasema anahitaji wawili tu, mmoja kila ubavu, wasiokuwa wembamba. Macho ya kanisa lote yakamgeukia Kageha. Kageha alinung'unika kwamba yeye ni kiongozi, si ukuta, lakini tayari alikuwa anajifunga leso kiunoni. Ubavu wa pili akaja Sella, muuza samaki, mpana kama mlango. Shivachi akampa Nasambu ngoma kwa mikono miwili, uso wake ukiwa wa mtu aliyetuliwa gunia la saruji, akakimbia kuleta jiko.

Ngozi ilipooteshwa na kuanza kulia, wakatoka. Wakapita kwenye makaa, wakapita kwenye kibanda cha mboga, watoto wakaanza kufuata. Kuelekea Soweto, mtaa mwingine wa Kibera, dunia ikamjia Nasambu tena, yote, na bwawa lake na mabati yake. Akaenda nayo kushoto, bila kuacha kupiga. Kageha na Sella wakaenda naye kushoto, hawakuwa na hiari. Wenye bendera mbele hawakuona, lakini waimbaji wa nyuma waliona, wakadhani ndiyo mtindo. Mstari mzima wa kanzu nyeupe ukainama kushoto kwa pamoja, ukakaa hapo mapigo mawili, ukarudi. Ikapendeza. Wakainama tena hata pale Nasambu aliposimama wima kabisa, na yeye ikabidi ainame kwa hiari yake asiwaharibie. Baba Askofu aliinama nyuma yao wote, polepole, ameshika kofia.

Shivachi alikuwa anachelewa kila mara, akiinama wenzake wakiinuka. Akasogea mbele, jasho linamtoka, akamuuliza Nasambu sikioni mtindo huu unaitwaje, aende akaufanyie mazoezi.

"Hauna jina bado," Nasambu alisema. "Wewe cheza."