Zamu ya Matugeno

Kila hema la askari wa Roma lilikuwa na jiwe moja la kusagia ngano, nao waliolala humo walisaga kwa zamu. Katika hema la Dasio, zamu ya Matugeno ilipofika, hakukosa kisingizio: leo mgongo, kesho kidole. Dasio alikuwa akimtukana mpaka povu linamtoka.

Asubuhi baada ya vita vya kivukoni, gunia lilifunguliwa.

"Zamu ya nani leo?" mmoja akauliza, kisha akajuta. Ilikuwa ya Matugeno, naye walikuwa wamemzika jana jioni.

Mwenzao akanyoosha mkono kushika jiwe.

"Toa mkono wako hapo!" Dasio akafoka.

Akapiga magoti, akasaga mwenyewe, polepole, hadi punje ya mwisho.

"Umenikwepa tena, mvivu mkubwa wewe," akanong'ona.