Nyumba Mbili kwa Willis

Jina lake halikuwepo.

Dinah alisogeza kiti mpaka magoti yakagonga meza, akasoma tena kilichoandikwa kwenye kioo. Alikuwa ameiuliza kompyuta swali moja tu, kwa Willis mwanachama ni nani, nayo ikamjibu bila haya: Christine.

"Mitchel!" aliita. "Njoo uone. Mtu ameingia kwa hii kompyuta yangu."

Mitchel, mwalimu wao, msichana ambaye Dinah angeweza kumzaa, alikuja akainama begani pake.

"Hakuna mtu ameguza, Mama Simiyu. Angalia. Huku juu umeandika kwa Willis ni Dinah. Halafu huku chini umeandika tena kwa Willis ni Christine. Ni wewe mwenyewe."

"Si nimeandika wote wawili? Sasa mbona inanificha mimi?"

"Kwa sababu hii ni kamusi. Ufunguo mmoja, jibu moja. Ukiipatia ufunguo ule ule mara ya pili, inafuta jibu la kwanza inaweka lile jipya. Na haipigangi kelele."

"Kama mwanaume," Dinah akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kikundi cha akina mama wa kanisa lao, huko pembeni mwa Lurambi, kilikuwa kimechanga kwa muda mrefu ili kila mwanachama apate tenki la maji. Mwenyekiti wao, Lynette, alikuwa mpenda mambo mapya. Alitangaza kwamba Dinah, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na hana mtoto wa kunyonya, aende akasomee kompyuta, na kwamba majina yatasomwa kutoka humo Jumamosi, ambayo sasa ilikuwa kesho. Atakayesomwa ndiye atakayeletewa tenki. Dinah hakuhitaji kumuuliza mtu chochote. Aliandika akitoa kichwani, nyumba kwa nyumba, kama anayepita njiani akisalimia: kwa Oduor, kwa Shikanga, kwa marehemu Osiako. Nani huku huitaja nyumba kwa jina lingine? Boma ni la mwanamume, hata kama hajui chumvi inawekwa wapi.

Na boma la Willis lilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana. Ya Dinah ilikuwa ya zamani, mabati yake yameanza kutu. Ya Christine ilikuwa imepakwa lipu majuzi tu. Asubuhi ile, akitoka kwenda darasani, Dinah alimkuta mumewe amechutama mbele ya nyumba hiyo mpya, mwiko mkononi, akilainisha simiti ya duara. Willis huyu huyu, ambaye mlango wa jikoni kwa Dinah ulimshinda kutengeneza tangu mtoto wao Simiyu akiwa shule ya msingi.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya tenki," Willis alijibu bila kuinua kichwa. "Huyu ako na mtoto mdogo. Maji inamsumbua."

"Na langu litakaa wapi?"

"Lako tutaona."

Tutaona! Dinah aliwalea watoto wake kwa maji ya kichwani, akipanda kutoka kisimani na mimba tumboni, na hakuna aliyemkorogea hata karai moja la simiti. Christine naye alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Mulembe, Mama Simiyu," alimsalimia kwa sauti tamu, na utamu wenyewe ndio uliomchoma. Amejiunga na kikundi juzi, tenki leo, simiti tayari. Wivu huo alikwenda nao hivyo hivyo mpaka darasani.

"Dawa yake ni orodha," Mitchel alikuwa akisema. "Unafungua mabano ya mraba, unaandika Dinah, unaweka mkato, unaandika Christine, unafunga. Ufunguo ni ule mmoja, lakini ndani yake kuna orodha. Wote wanakaa."

"Wote wanakaa," Dinah alirudia.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa sana."

Mitchel akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Dinah alibaki akiitazama ile mistari miwili. Hakuhitaji kusema uongo, wala kufuta jina la mtu. Aliukata mstari wake kule juu, akaubandika chini ya mstari wa Christine, basi. Majina yote mawili yamo, akiulizwa anaweza kuapa mbele ya padri. Aliuliza tena swali lake. Kwa Willis: Dinah.

Raha iliyomwingia ilikuwa ya mtu aliyejikuna panapowasha. Alifunga kompyuta akaenda zake. Nyumba nyingine yoyote hakuiulizia.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Kompyuta iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, Dinah kando yake akiwa na vitenge vyake vya sherehe, na Lynette akavaa miwani. Desturi ya kikundi ni kwamba jina likisomwa mwenyewe huitika "Niko," na wenzake humpigia vigelegele. Mke wa Oduor aliitika. Mjane wa Osiako akaitika, vigelegele vikatikisa madirisha.

"Kwa Willis," Lynette alisoma. "Dinah."

"Niko!"

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Nyuma, Christine alimtoa mtoto titini, akatega sikio. Lynette alikuwa ameshapita kwenda nyumba nyingine. Christine akainua mkono nusu, kisha akaushusha, kwa kuwa mgeni hana sauti. Dinah aliuona mkono ule ukishuka, akafurahi. Alifurahi hasa.

"Kwa Shikanga. Nekesa."

"Niko," akasema Nekesa, lakini polepole, na hakuna aliyepiga kigelegele.

"Ngoja kwanza, mwenyekiti," mtu akasema. "Na mama yetu Beldina?"

Beldina, mke mkubwa wa Shikanga, alikuwa amekaa benchi la mbele kwa sababu ya miguu yake. Ni yeye aliyekianzisha kikundi, jikoni kwake. Na wiki ile Willis alipomleta Christine, ni Beldina aliyekuja kukaa na Dinah, akampikia uji, akafagia nyumba, akaondoka bila kusema neno moja juu ya wanaume. Dinah alikuwa amemwandika kabla ya Nekesa, kwa heshima, maana mkubwa hutangulia. Ndiyo sababu amemezwa. Dinah akapiga hesabu haraka. Kila boma lenye wake wawili, yule aliyetangulia ameliwa, isipokuwa boma moja.

"Dinah, hebu angalia tena," Lynette alisema.

"Wachaneni na huyo mtoto," Beldina akasema. "Mashine haina ubaya na mtu. Kama imeona mimi nimezeeka, imeona. Nitakuwa nachota kwa Nekesa." Alijaribu kucheka, huku mkono wake ukipapasa chini ya benchi kutafuta bakora.

Dinah angeweza kusema kompyuta imekosea, na wote wangemwamini. Angerekebisha nyumba zote isipokuwa ile moja. Wazo hilo lilimjia na hakulifukuza haraka. Lakini Beldina alikuwa ameipata bakora yake na alikuwa akijiinua.

"Kaa, mama," Dinah alisema. "Si mashine. Ni mimi."

Akaugeukia ukumbi.

"Jana niliona jina langu limefutika. Nikaambiwa dawa, nikaisikia vizuri. Lakini nikajiokoa mimi peke yangu, nikamfukia mwenzangu. Nyumba ya mtu mwingine sikuangalia. Nilikuwa na hasira ya simiti."

Hiyo simiti hakuna aliyeielewa, ila Christine, ambaye alitazama sakafu.

"Unaweza kutengeneza," Lynette aliuliza, "ama tumwite yule mwalimu wenu?"

"Naweza."

Aliketi. Wanawake walimzunguka, jasho na mafuta ya kujipaka vikamsonga puani. Alianza na kwa Shikanga. Mabano, Beldina, mkato, Nekesa, mabano.

"Niko wapi hapo?" Beldina aliuliza, akikaza macho.

"Hapa mwanzo, mama."

Akaenda nyumba kwa nyumba, mpaka ikabaki moja. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa pale pale, mzima, ukimkumbusha kwamba simiti imekauka mlangoni kwa mwingine, na tenki litakaa juu yake likimtazama dirishani kila akiamka. Aliandika jina lake, akaweka mkato, akaandika la pili, akafunga.

"Sasa soma wewe mwenyewe," Lynette alimwambia, bila ukali na bila urafiki.

Dinah alisimama akasoma. Beldina aliitika kwa sauti nyembamba, na vigelegele vilivyofuata vikamtoa machozi Nekesa. Akaifikia nyumba ya mwisho.

"Kwa Willis. Dinah," akasoma, akajiitikia mwenyewe, "niko," na wachache wakacheka.

Kisha akalitazama jina lililofuata. Tangu Willis amlete mwanamke yule, Dinah alimwita "huyo" akiwa na watoto wake, "mwenzangu" mbele ya wageni, na "mama mtoto" alipotaka kumtuma. Jina lenyewe aliwahi kuliandika. Kulitamka, hata siku moja.

"Christine," alisema.

Hakuna aliyeitika. Dinah aligeuka kumtafuta kule nyuma, akamkuta amesimama hapa hapa mgongoni pake, mtoto amelala begani, midomo imefunguka kidogo, akimtazama. Wanawake walikuwa tayari na vigelegele vyao, wakingoja.