Ukimya wa Saa Saba

Mwaka wa sabini na nne mafuta yalikuwa yamepanda bei hata nyumba nyingine zilizima koroboi kabla sala haijaisha. Ndiyo sababu mwalimu wa biashara kule chuo kikuu, Nairobi, aliwapa wanafunzi wake kazi ya likizo ndefu: kila mmoja aende kwenye kampuni, atafute mahali mafuta yanapopotea bure, aonyeshe namna ya kuyaokoa, na meneja atie sahihi. Asiyerudi na sahihi haingii mwaka wa tatu. Mwalimu alilisema hilo akitabasamu, na walimu wanaotabasamu ndio wa kuogopwa.

Apeduno alipata nafasi Malaba, mpakani, kwenye kiwanda cha kusaga mahindi, maili moja na nusu kutoka kwa mama yake. Watu walidhani amerudi kwao, kumbe alikuwa karibu mgeni. Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka mitano. Shangazi akamchukua Kisumu, akasoma shule za bweni, na nyumbani alikuja Krismasi tu, wakati kiwanda kimefungwa. Baba alifia kazini. Hilo ndilo aliloambiwa, na hakuna aliyeongeza neno.

Wiki sita alizunguka na daftari. Alipima mapipa ya dizeli, akachungulia mikanda, akawauliza wabeba magunia maswali mpaka wakawa wakimwona wanapita njia nyingine. Wakambatiza Madam Dizeli. Hakupata kitu ila unga kwenye nywele. Zilipobaki wiki mbili, roho mkononi, ndipo akaona jambo lililokuwa mbele ya macho yake siku zote. Saa saba wafanyakazi walikwenda kula na mawe ya kusagia yakasimama, lakini injini iliendelea kunguruma saa nzima bila kusaga hata punje moja.

"Mzee, mbona huzimi?" alimuuliza Omoding, aliyeitunza injini hiyo tangu ilipoletwa.

"Haizimwi."

"Ni ngumu kuwaka tena?"

"Inawaka tu. Si nawasha kila asubuhi?"

"Sasa?"

"Sasa haizimwi mchana." Omoding akafuta mikono kwa kitambaa, akamtazama usoni kuliko adabu inavyoruhusu. "Wewe ni mtoto wa marehemu Emukule. Hiyo maneno usiniulize mimi. Uliza mama yako."

Akamuuliza Wabwire wa mizani, akaambiwa injini ikipoa mchana inapata homa kama mtu. Akamuuliza bawabu, akaambiwa ni amri ya tajiri wa zamani, na tajiri huyo alikwisha kufa. Jioni akamuuliza mama yake, naye akasukuma bakuli la kunde mbele yake na kusema, "Kula kwanza." Apeduno alikula mpaka bakuli likaonyesha chini, na jibu halikuja. Alilala amechanganyikiwa na amekasirika pia, kwa sababu hakuna kinachomuudhi msomi kama kufichwa kitu na watu wasiosoma.

Basi akaenda kwa meneja, Bwana Chande, aliyehamishiwa pale kutoka Busia mjini miezi minne tu iliyopita. Chande aliposikia galoni moja na nusu kila siku, nusura ambusu mkono. Omoding alikuja na kofia mkononi kupinga. "Boss, watu watashtuka."

"Washtuke nini? Mafuta ni yao?" alisema Chande. "Kesho saa saba, zima."

Kesho yake saa saba, Omoding akazima.

Kwanza ulikuja ukimya mzuri. Apeduno alisikia kuku, akasikia hata kalamu yake ikikwaruza karatasi, akafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Halafu mwanamke akatokea mbio upande wa soko, leso imemwanguka mabegani, analia kwa sauti. Nyuma yake wengine wawili. Mzee mmoja alikuja na baiskeli akaitupa langoni bila kuangalia imeangukia wapi. Apeduno akadhani ni mambo ya ng'ambo, kwamba askari wamevuka mpaka. Lakini watu hawakukimbia kupita, walikimbilia kwake.

"Ni nani?" mwanamke mmoja alimshika mabega. "Niambie, ni nani?"

"Nani wa nini?"

"Wangu umemwona?"

Hakuelewa. Wafanyakazi walitoka na matonge mikononi wakipiga kelele, "Niko! Niko mzima!" na wake zao wakawapiga ngumi za kifua huku wakilia. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema, na Apeduno alikuwa katikati ya usiku huo na jua liko utosini.

Kisha akamwona mama yake. Tangu mtoto aanze kazi pale, mama hakuwahi kukanyaga kiwandani. Hata chakula alimpa jirani apeleke. Sasa alikuja peku, mkono mmoja umejaa unga wa mtama. Akamshika Apeduno kichwa, akampapasa mikono yote miwili, akahesabu vidole kimoja kimoja kwa sauti. Vilipotimia kumi, akampiga kofi moja. Halafu akaketi chini kwenye vumbi.

Omoding ndiye aliyesema, na alisema akitazama viatu vyake. "Hii injini ilizimwa mchana mara moja tu. Mkanda ulishika baba yako. Mimi ndiye nilizima. Tangu hiyo siku tukakubaliana na watu wa nyumbani: ikilia, tuko wazima. Ikinyamaza, mje."

Apeduno alitamani ardhi immeze. Chande naye aliona aibu ya kweli, lakini dizeli ni dizeli. Akaamuru kipande cha chuma cha reli kitundikwe langoni. Injini ikinyamaza tu, kigongwe mara tatu: maana yake watu wanakula. Habari ikatangazwa msikitini Ijumaa na makanisani Jumapili.

Jumatatu reli iligongwa, na hakuna aliyekuja. Isipokuwa mama. Safari hii alivaa viatu, akatembea bila haraka, akasimama langoni mpaka alipomwona bintiye. "Haya," akasema, akarudi. Jumanne akaja. Jumatano akaja, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Mama, hukusikia reli?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Reli inagongwa na mtu yeyote. Hata siku ile ya baba yako wangekuwa nayo, wangeigonga."

Ripoti ilikuwa karibu kwisha. Ilikuwa na safu ya mafuta yaliyotumika na safu ya yaliyookolewa, lakini Apeduno hakujua aandike wapi zile maili tatu za miguu ya mama yake. Alhamisi akamwendea Omoding. "Mzee, nitamwambia boss injini isizimwe tena. Sahihi basi. Nitarudia mwaka."

Omoding akafikiri kidogo, kisha akamkabidhi nyundo. "Gonga wewe."

Asubuhi ya Ijumaa alimwambia mama yake, "Leo nagonga mimi. Tatu za chakula, nitangoja kidogo, halafu moja. Hiyo moja ni yangu."

"Haya," mama akasema, akaendelea kufagia.

Saa saba injini ikanyamaza. Apeduno akagonga tatu, akangoja, akagonga moja kwa nguvu zake zote. Akageuka kutazama barabara. Haikuwa na mtu. Dakika tano. Dakika kumi. Chande akatokea mlangoni mwa ofisi akipunga karatasi. "Madam! Nimetia sahihi! Njoo uchukue!"

Hakusogea. Alikuwa amepata alichokitaka: sahihi iko, na mama hakuja. Lakini mbona hakuja? Asubuhi alikohoa. Na ile ngazi ya ghala la nyumbani imeoza, na nyoka wanapenda kuni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunaambiwa kila siku. Uchungu wa mzazi sijui kama kuna aliyeutungia methali. Apeduno alivua viatu, akamwacha meneja na karatasi yake hewani, akakimbia.

Alikimbia maili moja na nusu, watu wakimpisha njiani na kuulizana ni nani. Mama yake alikuwa ameketi kivulini anapukuchua maharagwe. Alipomwona aliinuka ghafla, ungo ukamwagika.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini? Nilisikia ile moja yako."

Apeduno alimshika mama yake mkono, akaanza kuhesabu vidole, na mama akamwacha ahesabu mpaka kumi.