Ukuta Katikati ya Uwanja

Kila asubuhi ya mechi, mke wa mpigaji alinyoosha suruali nyeupe ya kriketi kwa pasi, juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Siku hiyo alikuwa amemaliza mguu mmoja redio iliposema mumewe ameondolewa kikosini. Akapiga pasi na mguu wa pili, maana suruali haivaliwi nusu.

Wenzake kikosini walimwita mumewe Mdomo. Hakuna aliyempiku kwa gongo la kupigia mpira, na juma lililotangulia, baada ya ushindi, aliwaambia waandishi kwamba uwanja ule umejengwa juu ya nyumba za watu, na wenyewe wangali wanalala kando ya barabara.

Mchana, mechi ikiendelea bila yeye, ukuta wa jiko uliota katikati ya uwanja. Kufikia saa ya chai ulikuwa na mlango, dirisha, paa, na bibi mmoja aliyekufa kwa baridi mwaka ule wa bomoabomoa. Alikuwa akimenya viazi. Waamuzi wakashauriana, wakakata shauri: mpira ukigonga ukuta ni mikimbio minne, ukivuka paa ni sita. Ukiingia dirishani, bibi aurudishe. Akawa anaurudisha, ameufuta vizuri.

"Mwanangu, maji yatarudi lini?" alimuuliza mwamuzi.

"Bibi, mimi nahusika na mpira tu."

Msimu ulipokaribia kwisha, mtaa mzima ulikuwa umesimama tena pale uwanjani. Tiketi za kukaa juu ya mapaa zilipanda bei. Kando ya barabara watu waliendelea kulala.

Mwenyekiti wa chama cha kriketi akaja nyumbani kwa Mdomo, akaandaliwa chai.

"Sema tu uliteleza, Jumamosi umo. Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Ulimi wangu haujajikwaa," alisema Mdomo. "Wanaojikwaa ni vijana wako, kwenye vizingiti vya watu."

Lakini vidole vyake vilikibana kikombe kama vinashika gongo. Mkewe aliviona. Miezi yote hiyo alikuwa na neno kooni: omba radhi, mume wangu, yaishe. Alilala nalo, akaamka nalo.

"Shemeji, nisaidie," mwenyekiti alimgeukia. "Kwani wewe hutaki acheze?"

Akaweka birika chini.

"Nataka acheze. Nataka mpaka naumwa," alisema. "Ila radhi kaombeni nyinyi. Na mkifika pale uwanjani, bisheni hodi kwanza."