Mwito wa Tatu

Tule Ram alipangusa kioo cha mbele cha gari lake kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati, akangoja zamu yake darajani pamoja na madereva wengine. Kibandani pembeni, familia iliyotoka tambarare ilikuwa ikijaribu makoti ya manyoya ya kukodi. Wote walichagua ya waridi. Ziara ya siku ilikuwa ile ile ya kila siku: hekalu la mbao, chemchemi ya maji moto, mwangwi wa Khanor, na mwisho theluji ya Marhni, ambako wageni huteleza kidogo, hupigwa picha, kisha huilalamikia baridi waliyoifuata.

"Dereva, huo mwangwi unajibu kweli?" aliuliza baba wa familia, akijipenyeza kiti cha mbele.

"Unajibu, bwana. Ila kwa mwito wa tatu."

"Mbona wa tatu?"

"Ndivyo alivyofunzwa."

Katika bonde lile mtoto hufundishwa, kabla hajajua kufunga viatu, kwamba akiitwa na sauti asiyomwona mwenyewe asiitike mara ya kwanza wala ya pili. Wasio watu huita mara moja au mbili. Mara ya tatu hawaiwezi. Tule Ram hakuwa na imani kubwa na jambo hilo. Alimfundisha binti yake Jasodha kwa sababu yeye naye alifundishwa, na Jasodha alikuwa mtoto wa kushika mafunzo.

Msimu wa mvua wa mwaka uliotangulia, mlima uliporomoka mchana ukafunika nusu ya kijiji chao, Khanor. Tule Ram alikuwa Marhni na wageni. Mkewe, Dabe, alikuwa kwenye mashamba ya tufaha. Jasodha alikuwa nyumbani. Waokoaji walikuja kutoka mbali, wanaume wenye buti nzuri, na katapila moja. Walionusurika walizuiwa ng'ambo ya kijito, nyuma ya kamba, kwa usalama wao. Waokoaji walisimama juu ya kifusi wakaita majina waliyopewa. Kwa kuwa walikuwa watu waadilifu, kila jina waliliita mara mbili. Hakuna aliyewaeleza habari za mwito wa tatu, maana hakuna aliyedhani kwamba duniani wapo watu wazima wasioujua. Ndipo ikaja habari kwamba barabara ya Marhni nayo imekatika na wageni wamekwama bila chakula cha mchana. Katapila likapandishwa huko, na huko ndiko liliko hadi leo.

Tule Ram alifika kesho yake kwa miguu. Aliita mara tatu, kisha mara nyingi, lakini wakati wa kuitika ulikuwa umekwisha kupita.

Majira ya kuvuna tufaha, mgeni mmoja aliegemea kizuizi cha barabarani pale Khanor akaita jina la mkewe mara tatu kwa mzaha. Kutoka chini ya kifusi sauti ya mtoto ikaitika, "Niko hapa." Tule Ram alikuwa akitia maji kwenye rejeta ya gari. Alimaliza kutia, akafunga kifuniko, kisha akakaa chini barabarani.

Chama cha madereva kiliiingiza Khanor katika ziara. Dabe alikwenda mara moja tu, akaita, akaitikiwa, wakazungumza kidogo. Hakurudi tena. Alisema mtu hawezi kuongea na mwanawe kisha akaenda nyumbani kupika.

Tule Ram alimleta ofisa wa tarafa ili asikie mwenyewe na katapila lirudishwe lichimbe. Ofisa aliita mara tatu kwa sauti ya heshima, akaitikiwa, akavua miwani akaifuta.

"Ni mtoto kweli," alisema. "Tena ana adabu."

"Basi, mheshimiwa, lile katapila..."

"Katapila liko Marhni, Tule Ram. Si wewe mwenyewe unakula kwa barabara ile?"

Hilo lilikuwa kweli.

"Msimu ukiisha tutaona," aliongeza ofisa.

"Msimu upi, mheshimiwa?"

Ofisa alilitafakari swali hilo kwa haki. Wageni hufuata theluji wakati wa baridi, maua ya tufaha wakati wa kuchipua, na ubaridi wakati wa joto. Kisha akaagiza kizuizi kipakwe rangi.

Siku ya makoti ya waridi, baba wa familia aliita mara tatu akaitikiwa. Watoto wake wakafuata, kila mmoja kwa zamu, kisha bila zamu. Sauti kutoka chini ilikuwa imekwaruza kwa miezi mingi ya kuitika.

"Rudieni, sijarekodi," alisema mama yao.

"Anakohoa huyo," alisema mtoto mkubwa. "Muulizeni kama ana tangawizi."

"Bwana, inatosha," alisema Tule Ram.

"Tumetoka mbali, kaka. Yeye si yupo hapo hapo tu?"

Tule Ram alikisogelea kizuizi. Hakupaza sauti, aliongea kama mtu anayeongea mlangoni.

"Jasodha. Jasodha. Jasodha."

"Niko hapa, Baba."

"Umechoka?"

"Kidogo. Wanaita sana."

"Sikiliza, mama. Kuanzia leo usimwitikie mtu. Hata akiita mara tatu. Hata akiita mpaka jua lizame."

"Hata wewe?"

Tule Ram alikitazama kifusi, ambacho sasa kilikuwa kimeota miiba na maua madogo ya manjano. Mafunzo ya kwanza alimpa bila kuyafikiri. Haya aliyafikiri.

"Hata mimi. Atakayekuja kukutoa hataita. Atachimba."

"Haya, Baba."

Watoto waliita tena, wakasikia sauti zao wenyewe zikirudi.

"Umemharibu," alisema baba yao, akapanda gari.

Huko Marhni katapila lilikuwa likisukuma theluji pembeni ili wageni wapate pa kuegesha. Mwendeshaji alimpungia Tule Ram mkono, na Tule Ram akampungia pia, kwa kuwa walikuwa wamefahamiana siku nyingi.

Wakati wa kurudi, jua likiwa bado juu ya misonobari, familia ililala ndani ya makoti yake. Tule Ram alisimamisha gari Khanor akazima injini. Akaita mara moja. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Kifusi kilinyamaza. Jasodha hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara mbili.

Alingoja kidogo, kisha akaita mara ya nne, ambayo bondeni kule hakuna aliyewahi kufundishwa chochote juu yake.