Pua ya Nyumba ya Hao

Hao Guizhi alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha Dokta Miao, mgongo wazi, akisubiri kuunguzwa. Ilikuwa siku ya kwanza ya fu ya tatu, kipindi cha mwisho cha yale majuma ya joto kali ambayo watu wa mkoa wa Shanxi huyangoja ili watoe baridi iliyojificha mifupani. Foleni ya wenye pumu, kikohozi na mafua sugu ilikuwa imetoka zahanati ikazunguka hadi kwa muuza matikiti. Tikiti lenyewe Guizhi aliliangalia kwa macho tu. Mwenye plasta mgongoni hali tikiti, hagusi barafu, hakai kwenye feni, haogi maji baridi, na hiki kilikuwa kiangazi chake cha tatu kuvuja jasho kwa hiari yake mwenyewe.

"Muda wa saa nne, kisha unabandua," Dokta Miao alisema, akikoroga haradali nyeupe iliyosagwa kwa maji ya tangawizi. "Saa nne, Dada. Si kama mwaka juzi ulipolala nayo, ukaja hapa mgongo umejaa malengelenge."

"Niliambiwa ukiungua ndiyo dawa inavuta."

"Uliambiwa na nani?"

"Na foleni yako."

Dokta alicheka peke yake. Alipaka ule uji mzito kwenye vipande vya plasta, akavibandika kimoja kimoja pembeni ya uti wa mgongo. Guizhi aliuma meno. Angekubali hata kubandikwa kaa la moto.

Mji mzima ulijua ana mafua yasiyoisha. Alichowaficha ni kwamba pua ilikuwa imekufa kabisa, miaka minne sasa, na kufa kwa pua ya Guizhi hakukuwa jambo dogo. Nyumba ya Hao ilipika siki ya mtama tangu enzi za babu yake, na katika nyumba hiyo pua ilikuwa moja tu. Asubuhi ya kufungua mitungi, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, wanunuzi na wafanyakazi walisimama ukutani kimya, yeye akainua kifuniko, akainama, akanusa, kisha akatamka neno moja. "Weka", au "Mwaga". Hakuna aliyeuliza sababu. Marehemu baba yake alimkabidhi kazi hiyo yeye, si mdogo wake Changgeng, na Guizhi hakuacha mtu asahau.

Ulimi ulimwambia ukali tu. Kama siki imeiva au imeoza, hilo lilikuwa la pua. Kwa hiyo alibahatisha. Aliangalia rangi, aliangalia nani amepika, akakunja uso kama zamani, akatamka. Kwa bahati ya ajabu hakuumbuka, na kila asiyeumbuka huanza kujiona ana haki.

Mwaka wa kwanza wa kubahatisha, Changgeng alifukiza mtama siku sita badala ya nne bila kumwomba ruhusa. Mitungi thelathini, kazi ya mwaka mzima. Guizhi aliinama juu ya mtungi wa kwanza akakuta kimya kitupu, kama kuinamia kisima kikavu. Wanunuzi walikuwa wanamtazama. Alikuwa amemkasirikia mdogo wake, na alikuwa anaogopa, na hofu ikapata pa kujificha ndani ya hasira.

"Mwaga," alisema.

Changgeng aliivunja mihuri mwenyewe, akamwaga mitungi yote thelathini kwenye mtaro. Wiki iliyofuata alihamia Taiyuan, akapata kazi ya ulinzi kwenye geti la maegesho. Mjini wakasema ameharibu siki ya baba yake. Guizhi hakukanusha.

Asubuhi baada ya plasta ya mwisho, alitoka uani kufunua mitungi ipate jua, akasimama ghafla. Tangawizi. Ilitoka kwenye nguo yake mwenyewe. Ikafuata harufu ya makaa kutoka kwa jirani, kisha vumbi la moto, na mwisho siki, uani pote, ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Binti yake Yanqiu angedai ni dawa ya kupuliza puani aliyomletea kutoka hospitali, Dokta Miao angedai ni plasta, na wangegombana mpaka majira ya baridi. Guizhi hakujali. Alipita mtungi hadi mtungi akinusa kama mwendawazimu, akicheka.

Furaha ile haikudumu hata nusu saa. Baba yake alikuwa na desturi kwamba kila mpiko, hata ule wa aibu, unaachiwa chupa moja ya udongo rafuni. Guizhi alijua wapi ilipo chupa ya Changgeng. Alijiambia asiiguse, na huku anajiambia, miguu ilikuwa imeshafika. Akabandua muhuri.

Ilikuwa siki bora kuliko zote alizowahi kunusa. Moshi wa mtama, utamu wa kunazi zilizokauka juani, na chini kabisa kitu ambacho baba yao alikitafuta maisha yake yote, akafa hajakipata. Guizhi alikaa sakafuni. Aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Keshoye alipanda basi la Taiyuan, chupa mapajani. Alimkuta Changgeng kwenye kibanda chake kando ya geti, anakula tambi katika bakuli la bati. Alikuwa amekonda. Mezani palikuwa na siki ya dukani, ya chupa ya plastiki.

"Dada," alisema, bila kusimama.

"Umekula?"

"Si unaona nakula."

Guizhi aliweka chupa mezani. "Pua yangu ilikuwa imekufa, Changgeng. Siku ile sikunusa chochote."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Vuli ile panya alioza chini ya gunia la mtama. Wote tuliziba pua. Wewe ulilikalia gunia, ukanywa chai."

Guizhi alikosa pa kuweka mikono. "Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya wanunuzi? Nikuvue nguo hadharani?" Changgeng alisukuma bakuli pembeni. "Nikasema, huyu ni dada yangu, atakuja mwenyewe aniambie. Niimwage, nimfichie aibu, jioni atakuja. Jioni hukuja. Nikakaa wiki nzima."

"Rudi nyumbani. Nitawaita wote, niseme mbele yao. Nitasema kila kitu."

"Sasa hivi? Pua imeshapona?"

Kukiri kulikuwa kumeshuka bei, na wote wawili walijua.

Changgeng aliivuta ile chupa, akaukagua muhuri uliobanduliwa, wenye mwandiko wake mwenyewe wa miaka minne nyuma. Alizibua. Akainama juu yake taratibu, macho yamefumbwa, jinsi baba yao alivyoinama, jinsi Guizhi alivyoinama miaka yote huku yeye amesimamishwa ukutani na wafanyakazi. Alinusa mara moja. Alibaki hivyo mpaka gari likapiga honi nje mara mbili, likitaka kupita.

Kisha akaziba chupa, akamrudishia dada yake.

"Mwaga," alisema, akatoka kuinua geti.

Guizhi alisimama kando ya mtaro wa pale getini, akaimwaga yote. Ilichukua muda, maana mdomo wa chupa ulikuwa mwembamba, na muda wote huo alikuwa anaisikia harufu yake.